Kanisa la Benchi Moja

Nilipoolewa Izia, pembezoni mwa mji wa Sumbawanga, Kanisa la Methodisti la mtaa wetu lilikuwa na muumini mmoja. Sisemi mmoja kwa utani, kwamba walikuwa wachache. Alikuwa mmoja. Mwanamke jirani yetu, ambaye nyumba yake na ya mama mkwe wangu zilitenganishwa na uzio wa minyaa, aliendesha ibada nzima kila Jumapili saa nne asubuhi, uani kwake, kuanzia mwito wa kuabudu hadi baraka ya mwisho, peke yake.

Mwezi uliopita wazee wa kanisa hilohilo walinifuata shuleni ninakofundisha, wakaniomba niwaandikie historia ya kanisa lao. Siku hizi waumini wanajaza jengo, vijana wana kwaya yenye magitaa na kinanda, na wanataka kuweka jiwe la msingi la jengo kubwa zaidi. Niliwakumbusha kwamba mimi ni Mkatoliki.

"Tunajua, mwalimu," mmoja wao akajibu. "Ndiyo maana tunaamini hutatupamba."

Waliyoyataka niliwaandikia, kurasa chache za kusomwa mbele ya wageni. Haya mengine nayaandika kwa sababu yangu mwenyewe.

Mimi ni mtoto wa kijiji cha Mollo, wa wakulima wa mahindi na ulezi. Kwetu kuwa Mkatoliki lilikuwa jambo kama kuwa na miguu miwili, hakuna aliyekuuliza. Waislamu tuliwafahamu, wenye maduka na magari mjini, na walokole tuliwasikia wakikesha. Lakini neno Methodisti sikuwahi kulisikia mpaka Jumapili yangu ya kwanza ukweni.

Siku hiyo mimi na mama mkwe tulikuwa tumetoka misa ya kwanza. Tuliketi uani kuchambua maharage, yeye na ungo wake, mimi na wangu. Nilikuwa bado bi harusi, naogopa hata kukohoa. Mara nikasikia sauti nyembamba ya kike kutoka upande wa pili wa uzio: "Tusimame, tuimbe."

Nilichungulia kwenye mwanya wa minyaa. Niliona kigoda kilichotandikwa kitambaa cheupe cha kudarizi, juu yake Biblia na kitabu cha nyimbo kisicho na jalada. Mbele ya kigoda palikuwa na benchi moja la mbao. Nyuma ya kigoda alisimama mwanamke wa makamo, mwembamba, amevaa blauzi nyekundu na kofia nyeupe iliyopigwa pasi hadi ikasimama. Aliimba kwa Kibemba. Alipomaliza akasema, "Tuketi," kisha akazunguka kigoda, akaja akaketi kwenye benchi, mikono mapajani, kimya, kama mtu anayesubiri kuambiwa kinachofuata. Baada ya muda akainuka, akarudi nyuma ya kigoda, akasema, "Tuombe." Halafu akarudi tena kwenye benchi, akapiga magoti.

Nilitia pindo la kanga mdomoni ili nisicheke. Nikamgeukia mama mkwe tucheke wote, nikakuta mkono wake umetulia juu ya ungo. Alikuwa anasikiliza. Sala ya ng'ambo ilipofika mwisho, mama mkwe akasema, "Amina." Hakuisema kwa sauti kubwa. Aliisema kama unavyomwitikia mtu wa nyumbani anayeaga kwenda dukani. Kisha akaendelea kuchambua maharage.

"Mama," nikanong'ona, "huyo anasali na nani?"

"Na Mungu."

"Na wewe unaitikia sala za watu wa dini nyingine?"

Alitupa kokoto moja pembeni, bila kuniangalia. "Mtu akibisha hodi, mwanangu, unamwuliza kwanza dini yake? Unasema karibu. Sala isiyoitikiwa ni hodi iliyokosa karibu. Inaniumiza masikio."

Sikuwa nimeelewa, lakini sikucheka tena.

Yule jirani nilimwita mama mdogo, kwa kuwa mama mkwe alimchukulia kama mdogo wake, na nitamwita hivyo humu. Alizaliwa ng'ambo ya mpaka, kwenye miji ya migodi ya Zambia, ambako babu yake alichimba shaba. Bibi yake alikuwa kiongozi wa darasa katika Kanisa la Methodisti. Darasa kwao si la shule. Ni kikundi cha waumini wachache wanaokutana kila wiki kuulizana hali ya roho zao, na kiongozi wake hubeba majina yao kama mama anavyobeba watoto. Mume wa mama mdogo, Mfipa wa hapahapa Izia, alikuwa fundi wa malori. Alikutana naye huko migodini, akamwoa, akamleta nyumbani kupitia mpaka wa Kasesya, naye akaja na sanduku moja la nguo, kile kitabu na kile kitambaa. Mume alizaliwa Mkatoliki kama sisi, lakini kanisa alilijua kwa harusi na misiba tu. Muda mwingi alikuwa mpakani uvunguni mwa malori, akirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Benchi lile alilitengeneza yeye. Mama mdogo aliniambia kwamba alimwomba stuli, akamletea benchi la watu watano. Alipomwuliza hao wengine wanne ni akina nani, mumewe alijibu, "Sijui. Mbao ilikuwa ndefu."

Mwanzoni mama mdogo alijaribu kwenda misa kwetu. Walimpokea vizuri, hata paroko alimsalimia kwa mkono. Alikwenda Jumapili tatu, kisha akamwambia mama mkwe, "Dada, kwenu ni pazuri. Lakini mimi nina kwetu." Jumapili ya nne akatandika kigoda. Nilipofika mimi, alikuwa ameshaendesha ibada hiyo kwa miaka sita.

Watoto wa mtaani walimwita mama wa benchi. Watu wazima walisema ni wazimu wa upweke, kwa sababu hakujaliwa mtoto. Mimi, kadiri miezi ilivyopita, nilianza kuogopa. Sikumwogopa yeye. Niliogopa kile kitu chenyewe, namna kilivyorudi kila wiki bila kupungua. Nilimwona akiendesha ibada wakati wa baridi ya Juni, upepo wa Ufipa ukimvuta sketi na kufunua kurasa za Biblia, naye akizishika kwa kidole huku akiendelea kusoma. Nilimwona mvua ikimkuta katikati ya mahubiri. Alibeba kigoda hadi barazani, akarudi kubeba benchi, akaliambia, "Tusogee," na akaendelea pale alipoachia.

Kilichonishinda zaidi ni matangazo. Kila mara kabla ya baraka, alisimama nyuma ya kigoda na kutangaza: wiki ijayo ibada ni saa nne kamili, wote mnakaribishwa, njooni na wageni. Siku moja nilimrudishia chumvi aliyoazima mama mkwe, nikashindwa kujizuia.

"Shikamoo, mama mdogo. Samahani, nikuulize. Yale matangazo unamtangazia nani?"

"Marahaba." Alifikiri kidogo. "Kazi ya tangazo ni kutangazwa, mwalimu. Kusikia ni kazi ya mwingine."

Miaka ikaenda. Nikazaa mtoto wa kwanza, nikazaa wa pili. Mama mkwe alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Kikatoliki, mwanamke mkubwa wa umbo na wa sauti, mkulima tangu utoto, anayeweza kumwita mtu kutoka bondeni akamsikia. Hakuwahi kuvuka uzio siku ya Jumapili. Alikwenda misa ya kwanza, akarudi, akachukua ungo au kisu cha kumenyea viazi, akaketi mahali palepale. Kila sala ilipokwisha upande wa pili, aliitikia. Ilipoimbwa nyimbo, alitikisa mguu.

Jumuiya walisikia. Jioni moja wanawake wenzake walimweka kati. Nilikuwepo, nikigawa chai.

"Mwenyekiti, watu wanasema unavutwa kule."

"Nani kanivuta? Mimi ni Mkatoliki tangu tumboni. Rozari yangu hii hapa."

"Sasa unaitikia nini?"

"Naitikia Baba Yetu," akasema. "Au wa kule ni Baba mwingine?"

Mmoja akaomba sukari, mazungumzo yakahamia kwenye mbolea.

Mwaka wangu wa nne hapo ukweni, mvua zilikuwa kubwa, na Januari mama mdogo akaugua homa ya mapafu. Alilazwa siku nne. Jumamosi mumewe alimrudisha nyumbani, amembeba mgongoni kutoka barabarani kwa sababu gari lilishindwa tope. Walimweka kitandani karibu na dirisha la uani. Alikuwa amebaki macho tu.

Kesho yake tukatoka misa, tukaketi kama kawaida. Mawingu yalikuwa yameachana kidogo, ardhi inatoa mvuke. Mama mkwe alichambua, akaacha, akachambua.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Saa nne kasoro tano, mama."

Tukangoja. Upande wa pili palikuwa na kuku tu. Sijawahi kusikia kimya cha namna ile. Kilikuwa kama siku mashine ya kusaga ya mtaani inapokatika ghafla, ndipo unagundua kwamba ilikuwa inanguruma siku zote.

"Saa ngapi sasa?"

"Saa nne na robo."

Mama mkwe aliweka ungo chini. Akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka amefunga kitenge kipya, kile cha Pasaka. "Lete uji," akaniambia, "na uje na wewe. Kuna kusoma." Kisha akatoka kwa mlango wa mbele, akazunguka barabarani, akaingia kwa geti la jirani kama mgeni.

Mama mdogo alipotuona dirishani alijaribu kuinuka. "Dada, leo basi," akasema kwa shida. "Leo imeshindikana."

"Haijashindikana. Kitambaa kiko wapi?"

Mumewe akakitoa kwenye sanduku. Mama mkwe akaleta kigoda uani, akakitandika, akanyoosha pembe za kitambaa, akaweka vitabu juu yake. Akasimama nyuma ya kigoda. Mimi na yule mume tukaketi kwenye benchi. Nikamwangalia mama mkwe, mwanamke ambaye kusoma kwake kuliishia kwenye jina lake mwenyewe, nikajiuliza atasema nini.

Alisema yote. Alianza na mwito wa kuabudu, neno kwa neno. Akasema tusimame, tuimbe, akaanzisha wimbo kwa Kibemba, na beti zikatoka moja baada ya nyingine, zote nne, katika lugha ambayo hakuijua ila kwa jinsi inavyofanana na Kifipa hapa na pale. Akasema tuketi, na yeye mwenyewe akazunguka kigoda akaja kuketi nasi kwenye benchi, mikono mapajani. Akainuka. Sala ya toba ikaja mahali pake. Shukrani zikaja mahali pake. Alipofika kwenye somo aliniita kwa kichwa, nikasoma Zaburi. Miaka yote ile nilidhani anachambua maharage. Kumbe alikuwa ameibeba ibada nzima kichwani, na hajawahi kuihudhuria hata mara moja; aliisikia na kuichungulia tu kupitia kwenye minyaa.

Kila alipomaliza sala, sauti kutoka dirishani iliitikia. Mara ya kwanza ilikuwa pumzi tu. Mara ya tatu tuliisikia vizuri.

Ilipofika zamu ya mahubiri, mama mkwe alinyoosha tena pembe za kitambaa. Nilidhani amekwama. Kisha akasema, "Mimi si mhubiri. Nasema hili tu. Ee Mungu, huyu mtoto wako amekuwa akikuita hapa miaka kumi. Kama hujasikia, sisi wa upande wa pili wa uzio tumesikia. Usiseme hukuambiwa."

Mume wa mama mdogo aliinama, akafunika uso kwa kofia yake yenye madoa ya grisi. Nimeona mambo makubwa maishani, nimeona watoto wangu wakizaliwa, lakini sijui kama nimewahi kuwa karibu na kitu kikubwa kama nilivyokuwa asubuhi ile, nimeketi kwenye benchi lililoloa, na sufuria ya uji miguuni.

Kisha akatangaza matangazo. Wiki ijayo saa nne kamili. Wote mnakaribishwa.

Alifanya hivyo Jumapili tano, kila mara baada ya kutoka misa. Na hapo ndipo jambo lingine likatokea, ambalo hakuna aliyelipanga. Sauti ya mama mdogo ilikuwa nyembamba, haikufika mbali zaidi ya uani kwetu. Sauti ya mama mkwe ilifika barabarani. Jumapili ya tatu, katikati ya wimbo wa mwisho, tulisikia bodaboda ikifunga breki nje. Akaingia mwanamke mgeni, amebeba furushi la mitumba kichwani, viatu vimejaa tope. Alisimama getini, akatua furushi, akaanza kuimba. Alizijua beti zote. Aliimba huku machozi yanamtoka.

Alikuwa mfanyabiashara kutoka Zambia, aliyeingia kwa Kasesya kama alivyozoea, na siku hiyo alikuwa akimpelekea mteja mzigo. "Huu wimbo waliuimba walipomzika mama yangu," akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza. "Nimemwambia kijana wa pikipiki simama, simama. Nilidhani nimechanganyikiwa. Nani huku anaujua wimbo huu?"

Mama mkwe akaonyesha dirishani. "Mwenyewe yuko mle. Mimi ni jirani."

Yule mgeni aliingia ndani. Walikaa muda mrefu. Nilipopeleka chai niliwakuta wameshikana mikono, wanaongea Kibemba kwa kasi, na mama mdogo, ambaye kwa wiki tatu alikuwa hali vizuri wala haongei ila kwa shida, alikuwa anacheka. Sikuwahi kujua kwamba hucheka kwa sauti. Nadhani hata mumewe alikuwa amesahau.

Mama mdogo alipona. Alirudi nyuma ya kigoda chake, na mama mkwe akarudi kwenye ungo wake upande wa pili, kana kwamba hakuna kilichotokea. Lakini yule mfanyabiashara alikuwa akija kila ajapo Sumbawanga, wakati mwingine na mwenzake. Watu wa mtaani ambao walikuja kushangaa mwenyekiti wa jumuiya akiongoza Wamethodisti walikuwa wamesikia neno, na wachache wao, ambao hawakuwa wa kanisa lolote, walirudi kulisikiliza tena. Alikuja mjane mmoja na wanawe. Akaja fundi cherehani. Siku moja nilichungulia nikakuta benchi limejaa na mtu mmoja ameketi kwenye ndoo.

Habari zilipita mpakani, zikazunguka zilivyozunguka, na kiangazi cha mwaka uliofuata akaja mchungaji. Alitoka Mbeya, suti yake imekuwa rangi ya vumbi. Mama mdogo alimkaribisha barazani na kumwandalia ugali wa ulezi na samaki wa migebuka. Alimwita na mama mkwe, nami nikafuata kusaidia vyombo. Mchungaji alitoa daftari.

"Mko wangapi?"

Mama mdogo akawataja.

"Na huyu mama?" akauliza, akimwelekea mama mkwe. "Nimeambiwa huyu ndiye aliyeshika kanisa ulipougua. Tumwandike wa pili."

"Hapana, baba mchungaji," mama mkwe akasema. "Usiniandike. Mimi nina kwangu."

Mchungaji akamwangalia kwa mshangao, kisha akacheka kwa heshima, akafunga daftari. Akasema basi kesho, Jumapili, wataendesha ibada ya kwanza ya kanisa la Izia.

Mama mdogo, ambaye hajawahi kumkatalia mtu mbele yangu, aliweka kikombe chini. "Mchungaji, ibada ya kwanza ilishafanyika. Hii ya kesho ni inayofuata."

Mchungaji akatazama uani, akaliona benchi, limepauka kwa jua na mvua, na ardhi iliyozunguka kigoda imekuwa ngumu na inang'aa kwa kukanyagwa, njia nyembamba kutoka nyuma ya kigoda hadi kwenye benchi na kurudi. Aliitazama ile njia muda mrefu. Kisha akavua viatu. Sijui kwa nini alivivua, na sikumwuliza. Akasema, "Nisamehe, mama."

Jengo lilichukua miaka mitatu. Matofali waliyafyatua na kuyachoma wenyewe, kwenye kiwanja alichokitoa mume wa mama mdogo kutoka shamba la baba yake. Mchanga ulisombwa na lori la mfanyabiashara Mwislamu wa mjini, ambaye malori yake yule mume aliyatengeneza kwa miaka mingi. Alipoulizwa kama haoni tatizo, alisema nyumba ya kumtaja Mungu haiwezi kukosa mchanga wakati lori lake lina magurudumu. Siku ya kupaua, upepo ulikuwa mkali, na wanaume waliokuwa juu walihitaji watu wa kushika kamba za mabati. Nilihesabu Wakatoliki zaidi ya Wamethodisti kwenye zile kamba, na mama mkwe alikuwa wa kwanza, amejifunga kitenge kiunoni, akipiga kelele za kuelekeza.

Ndani ya jengo hilo aliingia mara mbili tu: siku ya kufunguliwa, na siku ya maziko ya mume wa mama mdogo.

Mama mkwe mwenyewe alifariki mwaka juzi, usingizini, baada ya mavuno. Tulimzika kwa taratibu zote za kanisa letu. Mama mdogo alikuja kila jioni kwenye novena, siku zote tisa, akaketi kwenye mkeka kati ya wanawake wa jumuiya. Tulimpa rozari ya marehemu. Hakuijua. Alikuwa nyuma yetu kwa punje moja au mbili kila wakati, akisali kwa sauti baada ya sisi kunyamaza, na hakuna aliyemharakisha. Tulimngoja afike.

Basi wazee waliponiomba historia, niliandika haya, kwa kifupi, nikayapeleka kwenye kikao chao. Mzee mmoja, aliyehamia mjini miaka ya karibuni, alisoma akakunja uso.

"Mwalimu, kazi ni nzuri. Lakini huyu mama Mkatoliki amechukua ukurasa mzima. Wageni watashangaa. Tungeweka mstari mmoja tu, kwamba majirani walitupa ushirikiano."

Wengine wakaguna, nusu wakikubali. Mama mdogo alikuwa ameketi karibu na mlango. Sasa ni mzee, macho yamefifia, na watu husahau kwamba yupo mpaka aseme.

"Mkimtoa yeye," akasema, "nitoeni na mimi. Halafu mwone mtabaki na nini cha kusoma."

Ukurasa ukabaki.

Baada ya kikao nilimshika mkono kumrudisha nyumbani. Ilikuwa alasiri, upepo umeanza kutulia, watu wanarudi kutoka mashambani na mahindi kwenye baiskeli. Nilimwambia jambo ambalo nilikuwa nalo moyoni kwa miaka, kwamba sijawahi kuona imani kama yake.

Alisimama njiani.

"Imani," akasema. "Mwalimu, nikwambie ukweli? Miaka mingi sana sikusikia kitu. Niliimba, niliomba, nilijiitikia, na moyoni kukavu kama bua mwezi wa nane. Mama yako aliponiitikia, nilisikia sauti yake tu. Sikusikia nyingine."

"Sasa mbona uliendelea?"

"Niliogopa kusahau mpangilio. Bibi yangu alisema ukisahau kinachofuata, hutajua pa kuanzia tena. Nikasema basi, mimi nitashika mpangilio. Hayo mengine si yangu."

"Na yalikuja?"

"Yalikuja."

"Siku ile ya yule mama wa mitumba? Au mchungaji alipokuja?"

Alitikisa kichwa. "Ilikuwa siku tu. Kabla ya kuugua. Nilikuwa nanyoosha kitambaa kwenye kigoda, maharage yako jikoni, nawaza yasije yakaungua. Nikajua siko peke yangu. Basi. Nikaenda kupunguza moto, nikarudi, nikaanza ibada."

Tulitembea hatua chache. Nilimwuliza kama na hilo niliandike, au ni la kwake mwenyewe.

"Liandike," akasema. "Usipoliandika watadhani ilikuwa rahisi."

Nilipofika nyumbani nilifungua daftari la historia ya kanisa lao, nikaliingiza kwenye ukurasa wa pili, baada ya habari za lori la mchanga, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na nafasi.